Mistari ya Kuazima

Alhamisi asubuhi Tamimu alipangusa vumbi la mbao kwenye kompyuta, akawasha jenereta, akapanga sidii tatu mezani. Banda lake la useremala lilikuwa kando ya nyumba yake, nyuma ya stendi ya Ikwiriri. Mwaka ule mabasi yalikuwa yameanza kupita juu ya daraja jipya la mtoni, na kompyuta za mitumba zilishuka nayo. Mashine ya kuchonga aliiunda mwenyewe kwa mota za printa mbovu, kwa kujifurahisha tu. Kilichobaki ni programu ya kuchorea.

Dada yake Mwajabu alikaa juu ya gogo la mninga, akimtazama. Mumewe alipokufa, shemeji yake Dadi aling'oa minyaa iliyokuwa mpaka wa mashamba yao kule Mtunda, akausogeza mpaka, akala upande wote wa mikorosho. Sasa Dadi alikuwa anajenga. Aliapa mbele ya watu kwamba akipata mlango wa nakshi kwa Tamimu Ijumaa hii, mikorosho ya Mwajabu atairudisha. Na korosho zilikuwa zimeanza kuanguka.

"Ipi rahisi?" Mwajabu akauliza.

"Hii ya kwanza, labda tuuze nyumba. Ya pili ni ya majaribio. Inakuacha uchore weee, ukitaka kuhifadhi inakufungia."

"Kama Dadi huyo."

"Ya tatu ni ya bure, ila haina mistari yake. Inaazima."

"Basi iazime. Sisi tumeazima mangapi?"

Programu ya bure ikauliza kwenye kioo iazime wapi. Tamimu akaandika: nyumbani. Mkeka uliokuwa sakafuni ukabaki mweupe, na michoro yake ikaingia kwenye kioo ikawa waridi. Mkewe, Sijaona, akatoka uani ameshika kanga isiyo na ua wala pindo.

"Wee Tamimu! Hata ya kutokea?"

"Itarudi."

"Hairudi hiyo," akasema, akaenda kugeuza mpunga juani.

Kufika adhuhuri Tamimu alikuwa ameshatoa hadi mistari ya viganja vyake. Mikono ilikuwa laini kama sahani, patasi inamponyoka. Fremu ya mlango ilikuwa haijaguswa, na jenereta lilianza kukohoa. Programu ikauliza tena.

Mwajabu akainuka. "Chukua mpaka wa Dadi. Ule aliouweka yeye."

"Dada, ule ndio ushahidi wenyewe."

"Ushahidi wa kumwonyesha nani? Chukua, mdogo wangu, mafuta yanakwisha."

Mashine ikachonga. Mstari ulikuwa mrefu, ukaizunguka fremu yote, na unga wa mbao ukanuka udongo wa Mtunda.

Ijumaa, baada ya swala, waliousindikiza mlango wakapitia shambani. Mpaka wa Dadi haukuwepo. Minyaa iliyong'olewa ilikuwa imesimama mahali pake pa zamani, inadondosha utomvu, na mikorosho yote iko upande wa Mwajabu. Mwenyekiti wa kijiji akaufuata mpaka huo mwanzo hadi mwisho.

"Ulikuwa hapahapa," akasema. "Nakumbuka vizuri." Akaomba maji ya kunywa.

Dadi akaipapasa fremu. Aliujua mstari wake.

"Kazi safi, shemeji," akamwambia Tamimu. "Nami ahadi nimetimiza. Mpaka si huo umerudi?"

Akautia mlango kwenye nyumba yake, akafunga kwa ufunguo.

Mwajabu akachukua kapu, akavuka minyaa kwenda kuokota korosho zake. Akajikuta nje. Akavuka tena, akajikuta nje. Tamimu akajaribu. Mwenyekiti naye akajaribu, viatu mkononi, akarudi palepale.

"Ule mpaka sasa umo kwenye fremu yake," Tamimu akasema.

"Basi njia ni mlangoni kwa Dadi," mwenyekiti akasema. "Mama, kaongee naye tu, ni ndugu yako." Watu wakatawanyika, kila mtu na shughuli zake.

Msimu mzima Mwajabu alikwenda asubuhi na kapu lake, akasimama mbele ya ule mlango. Ndani alisikia korosho zikidondoka, moja moja, kisha nyingi.

"Hodi."

"Nani?"

"Mwenye shamba."

"Aa, shemeji! Karibu," Dadi akajibu kutoka ndani. "Subiri hapo kidogo, bado tunaokota."