Salamu za Mkurugenzi wa Milimani

Hebu nikutegee, wewe uliyeketi hapo. Nina mtu anayenisalimia kila Jumapili mbele ya Kisumu, Siaya na Homa Bay, lakini kizingiti cha nyumba yangu hakijui kiatu chake. Ni nani?

Fikiri, sina haraka. Umeshindwa? Basi nipe mji. Kisumu usinipe, ina wenyewe, na wenyewe wana mageti. Nipe Katito tu, siku ya soko, nitaridhika.

Ni mwanangu Obonyo. Yeye anaishi Milimani kwa wenye mageti, mimi naishi Dunga ufuoni na nauza samaki. Kutoka kwake hadi kwangu pikipiki haimalizi dakika kumi na tano. Lakini mtu mkubwa hapandi pikipiki, na gari lake, naambiwa, haliwezi vumbi la huku. Lina kifua. Kwa hiyo kila Jumapili saa kumi anapiga simu redioni, kwenye kipindi cha salamu cha mtangazaji Dalmas, anajiita Mkurugenzi wa Milimani. "Naanza na mama yangu mzazi pale Dunga, najua ananisikiliza..." Wanawake wenzangu wa ufuoni hunipigia makofi. "Min Obonyo, mama Obonyo, wewe umezaa!" Kweli nimezaa. Salamu zake nimejaribu kuzipika na ugali, hazishiki.

Sasa, mwezi wa pili, simu yangu ikalia asubuhi. Mwanamume mwenye sauti ya asali.

"Habari ya asubuhi, mteja wetu wa thamani. Naitwa Wakhisi, kutoka kampuni ya kukusanya madeni. Unadaiwa bili ya simu, shilingi elfu arobaini na moja na mia tatu."

Nikacheka hadi samaki mmoja akaniponyoka. Mimi? Uliza mtu yeyote Dunga. Tangu ninunue simu sijawahi kumpigia mtu. Mimi naflashi. Naflashi mchungaji, naflashi hoteli zinazonunua mbuta kwangu, nimeflashi hata chifu. Anayenitaka atapiga.

"Mwanangu," nikamwambia, "umekosea mlango."

"Mama, laini imeandikishwa kwa kitambulisho chako."

Hapo kicheko kikakauka. Kitambulisho changu kiliwahi kutoka nyumbani mara moja tu. Obonyo alikuja, akaishia uani, na siku hiyo gari lilikuwa limepona kifua, akakiomba akaniandikishie bima ya hospitali. Nikampa, nikamfungia na samaki wawili, ngege wanene. Bima sijaiona hadi leo. Ngege nao sijawaona.

Nikamflashi. Akapiga baada ya siku mbili.

"Obonyo, kuna laini ya simu imeandikwa jina langu. Ni ya nani?"

"Mama, niko kwenye mkutano."

Wakhisi hakuwa na mikutano. Alinipigia kila asubuhi kabla ya jogoo wa Mama Caren, jirani yangu. Nilipoacha kushika akampigia mchungaji. Akampigia mwenyekiti wa kikundi chetu cha wauza samaki. Sijui namba alizipata wapi, lakini alikuwa na heshima sana: kila aliyempigia alimwomba radhi kwanza kwa usumbufu, kisha akamweleza deni langu lote hadi shilingi ya mwisho. Jumapili hiyo mchungaji alihubiri juu ya uaminifu huku akiniangalia mimi na taa ya dari, mimi zaidi.

Nikamflashi Obonyo tena. "Laini ni ya nani?"

"Mama, mtandao huku ni mbaya. Sikusikii."

Milimani nzima, minara yote ile, mtandao mbaya.

Siku moja Wakhisi akaja mwenyewe, shati jeupe, faili kwapani. Mgeni haulizwi shida yake kabla hajala, hata awe nani. Nikampa omena na ugali, akala kwa adabu, akaosha mikono, akafungua faili. "Mama, tia sahihi hapa tu."

Nikatia. Usinicheke. Sisi watu wa ziwani tumehudhuria matanga mengi, na kila matanga yana kitabu cha wageni. Ukiwekewa karatasi na kalamu unaandika jina, namba ya simu na mahali ulikotoka, basi. Niliandika hata "Mungu awafariji." Nilidhani ni kuonyesha kwamba amefika.

Alipoondoka, mjukuu wangu Winny, anayesoma kidato cha tatu, akasoma nakala aliyotuachia. Akaishusha pole pole.

"Dani," akasema, maana bibi huku ni dani, "umekubali kwamba deni ni lako. Na umesema wasipolipwa kufikia Jumapili hii saa kumi, wachukue friza."

Friza! Friza yangu niliinunua kwa miaka mitatu ya kuamka saa kumi usiku. Bila friza, mbuta wa asubuhi jioni ananuka, na hoteli haingoji. Bila friza mimi ni mwanamke mwenye kisu na ndoo, na karo ya Winny iko ndani ya hiyo friza, chini ya barafu.

"Kuna karatasi zingine," Winny akasema. "Orodha ya simu zilizopigwa."

"Soma. Nijue nilikuwa nazungumza na nani."

Akasoma. Jumapili, namba fulani, dakika hamsini. Jumapili iliyofuata, namba ile ile, saa nzima na dakika nane. Jumapili, Jumapili, Jumapili, kurasa sita. Winny akaniangalia kama mtu aliyeona nyoka kwenye kapu la nguo.

"Dani, hii namba naijua. Huwa wanaitaja kila saa. Ni ya redio. Ya kipindi cha salamu."

Basi nikaketi. Mwaka mzima yule mtu alikuwa akishikilia laini saa nzima akingoja zamu yake ya kunisalimia, na saa hiyo ilikuwa ikihesabiwa kwangu. Kumbe zile salamu nilikuwa najinunulia. Tena kwa bei ya jumla.

Nikamflashi mara ya tatu. Safari hii alipiga upesi, pengine alidhani nimekufa.

"Obonyo, nakuuliza mara ya mwisho. Wanachukua friza Jumapili. Hii laini ni ya nani?"

"Mama, nitakupigia." Akakata.

Jumapili ikafika. Saa tisa na nusu Wakhisi akatokea na mkokoteni na msukumaji wake, kijana mwenye mabega kama mlango wa kanisa. Nikawakaribisha. Nikawakaangia ngege, mkubwa, kwa sababu ningemficha wapi na friza inaondoka? Msukumaji akala hadi macho ya samaki.

"Mama, kusema kweli inaniuma," Wakhisi akasema akinyonya mfupa.

"Pole sana, mwanangu. Ongeza supu."

Wakamaliza, wakaishika friza, mmoja huku mwingine kule, wakaitoa nje. Winny akahamisha samaki kwenye ndoo huku akilia bila sauti. Majirani wakajaa uani, Mama Caren mbele kabisa, mkono kiunoni. Na kwenye dirisha redio yangu ikaanza: "Saa kumi kamili, mimi ni Dalmas, na laini zimefunguka! Laini ya pili tayari tuna mtu wetu sugu, Mkurugenzi wa Milimani, amengoja tangu saa tisa. Mkurugenzi, vuta subira!"

Bila shaka kwa simu nyingine. Mwenye bili hii nyingine namwombea.

Nikamwita Winny. "Chukua hii mia. Kanunue kredo."

"Dani, unataka kuflashi nani?"

"Siflashi. Napiga."

Wakhisi aliiweka friza chini, upande wake, msukumaji akabaki ameinama na upande wa pili. Winny akarudi mbio, akaweka kredo, akabonyeza ile namba ya kurasa sita. Ikalia, ikalia, na mtu akashika.

"Haloo, uko hewani! Nani mwenzangu?"

"Ni mama wa pale Dunga," nikasema. "Yule anayeanza kusalimiwa."

"Hapana! Mama yake Mkurugenzi! Wasikilizaji, leo ni sikukuu! Mama, punguza redio yako kwanza, inarudisha sauti."

Wakhisi mwenyewe aliikimbilia redio akapunguza, kisha akaibana sikioni asipitwe na neno.

"Mama, tuma salamu."

"Sina salamu, baba. Nina swali moja, na kredo yangu ni ya mia. Mwanangu yuko hapo, ananisikia?"

"Anakusikia kabisa. Yuko laini ya pili."

"Obonyo. Friza yangu iko juu ya mkokoteni." Haikuwa imefika juu bado, lakini redioni nani anaona. "Kuna mtu ana faili hapa, na mwenye deni kwenye faili ni mimi. Sikuombi hela. Nakuuliza tu kile nilichokuuliza mara tatu, na leo mtandao ni mzuri. Ile laini ni ya nani?"

Dalmas, ambaye kazi yake ni kutonyamaza, alinyamaza. Nikasikia mtu akipumua, na nyuma yake mbwa wa Milimani wakibweka, mbwa walioshiba. Mama Caren alifungua mdomo, Winny akamkanyaga mguu. Wakhisi alikuwa ameshika kalamu.

"Mkurugenzi?" Dalmas akasema pole pole. "Uko nasi?"

Mtu akakohoa. Ile sauti ya mkurugenzi ilikuwa imekwisha. Iliyobaki niliijua tangu akiwa na meno mawili.

"Ni yangu, Mama. Nilipiga mimi, zote. Mwambie huyo mtu arudishe friza ndani aje kwangu, nyumba ya tatu, geti la kijani. Abishe kwa nguvu, kengele iliharibika."