Mioyo Iliyorudishwa Kilimani

Yaani Odile alijua kabla hata hajazima gari. Kilima cha bibi yake kilikuwa matundu matupu!

"Usishuke kwanza, Bibi," alisema, lakini Bibi Pelagie tayari alikuwa nje na fimbo yake ya kuchimbia. Hapa kwao Wasalishi, wenyeji asilia wa Marekani, hakuna anayegusa mzizi mchungu, chakula chao cha masika, mpaka bibi mzee aliyeteuliwa achimbe wa kwanza na kuuombea. Mwaka huu ni Bibi Pelagie, na daktari alishasema wazi kwamba mwakani hatafika.

"Labda dubu," alisema Mabel, binamu yake Odile, kutoka kiti cha nyuma. "Au watalii. Wale hawana haya, dada."

Odile akapiga magoti. Vimea vyenyewe viko chini chini, majani kama nyuzi, ukisimama huvioni. Akafukua tundu moja kwa kidole. Ndani kulikuwa na kipande chekundu, kidogo kama punje ya mchele: moyo wa mzizi, ule unaorudishwa udongoni ili uote tena. Tundu la pili, moyo. La tatu, moyo, na chembe za tumbaku ya sadaka juu yake.

Sasa dubu gani anamenya mizizi, anarudisha moyo, halafu anaweka na tumbaku?

Kilima hiki Bibi aliwaonyesha wajukuu wawili tu.

"Mabel. Nitazame."

"Nini sasa?"

"Nitazame, mshenzi we!"

Mabel akashuka garini, akainamia simu. "Mama mkwe anakuja Jumapili," akasema mwishowe. "Ningempokea mikono mitupu? Halafu mioyo si nimerudisha? Yote!"

"Jana ulikuwa unamsuka Bibi nywele za sherehe ya leo! Unamsuka huku unacheka!"

"Itaota mingine bwana, acha kelele."

Bibi alikuwa amesimama nyuma yao. Hakupaza sauti.

"Ulipouchimba wa kwanza, mama, uliombaje?"

Mabel akatia simu mfukoni.

"Basi hakuna wa kwanza mwingine. Watu wanaingoja karamu ya mizizi ukumbini, masufuria yameshabandikwa. Wewe ndiye uliyefungua msimu, utawaambia."

Akamkabidhi fimbo, akarudi garini taratibu akishika boneti.

Mabel akamdaka Odile mkono wa koti, machozi hayo! "Dada, nisemee wewe. Wewe wanakupenda. Sema tu ni dubu."

Odile alibandua vidole vyake, kimoja kimoja, akaenda kumfunga Bibi mkanda.