Parashuti ya Mutiso

"Huyu si mume wangu," Susu Syokau, nyanya yangu, alisema, akaigonga ile sanamu kifuani kwa fimbo.

Tulikuwa Wamunyu, kwenye banda la mchongaji. Babu Mutiso angewekewa msalaba kaburini Jumamosi, na baba mkubwa Jeremiah, kifungua mimba wake, alitaka sanamu isimame kando: askari wa vita vya Burma, bunduki mkononi, parashuti mgongoni. Mimi sikutulia. Nilitoka nje, nikarudi, nikatoka tena. Hadithi ya parashuti ndiyo niliyolelewa nayo, na niliogopa kubaki bila babu.

"Mwaitu," Jeremiah alimwambia mamake, "si ni yeye mwenyewe alituambia aliruka kutoka kwa ndege?"

"Ni nyinyi mlimwambia. Yeye aliitikia kwa kichwa tu."

Nikakikumbuka kibanda cha video cha Jeremiah pale Masinga, miaka ya tisini. Zilikuwa filamu za vita, na msimulizi akizitia Kiswahili cha mbwembwe juu ya milio ya risasi. Babu alikaa benchi la mbele, sisi wajukuu tukimvuta shati: Babu, ulikuwa hivyo? Akaitikia kwa kichwa. Krismasi iliyofuata, katika hadithi zetu, alikuwa amesharuka na parashuti. Nyingine, ameteka kambi nzima peke yake. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. La babu lilikuja na kanda ya video.

"Sasa huko vita alikuwa anafanya nini?" Jeremiah aliuliza, sauti imempanda.

"Kubeba majeruhi. Machela zikiisha, mgongoni, kwa matope. Kuna Ndambuki, kijana wa Kivaa. Alimbeba kutoka asubuhi, akimwongelesha njiani asilale. Kumtua, alikuwa amekufa kitambo."

Mchongaji aliweka tezo chini.

"Toa hiyo bunduki," Jeremiah alimwambia hatimaye. Kisha akaketi juu ya gogo, mzee mzima mwenye wajukuu, akamgeukia mamake. "Wenzangu walikuwa wakibebwa na baba zao kuvuka mto. Mimi nilivuka kwa miguu. Nilidhani hanipendi."

"Hakuweza kuweka mtu mgongoni tena. Nilijaribu kumpa wewe, akatetemeka mpaka nikakuchukua."

Susu aliiegemeza fimbo ukutani, akanyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu.

"Lakini kwa mto alikuwa nyuma yako, hivi, mpaka ng'ambo. Wewe hukuwahi kuangalia nyuma."