Kitambaa cha Akiba

...na wala hajasikia vibaya, uzi umekatika kweli, kwapani, upande wa kushoto, tak, sauti ndogo ambayo mtu mwingine asingeitambua, lakini yeye ameshona miaka kumi na moja na sauti ya uzi unaoachia anaijua kama anavyokijua kikohozi cha shangazi yake, na umekatika pale pale alipokuwa ananyoosha mkono kuchukua kijiko, kwa hiyo sasa mkono umebaki hewani juu ya meza ya kukatia, katikati ya kijiko na mkasi, na sahani iko mbele yake, wali, maharage, robo ya parachichi, sahani ya kawaida kabisa ambayo mtu mwingine angeimaliza huku akipiga soga, na yeye anaitazama kama mtu aliyeitwa kituoni kuhojiwa... asitikisike, asishushe mkono haraka, akiushusha haraka utakatika na wa pili, na kwani nani kasikia, shangazi yuko mlangoni na mteja, amempa mgongo, mpiga pasi yuko kwenye meza yake kule pembeni anakula, na yule akila hasikii hata akiitwa kwa jina la baba yake, hapana, hakuna aliyesikia, nguo imemchongea lakini imemchongea kwa kunong'ona.

Gauni lenyewe la buluu, la kazini, alilishona kwa mkono wake na akalipunguza kwa mkono wake, mara nne alilipunguza, kila mara akijiona mshindi, kila mara zipu ikipanda bila kugusa chochote kama inapanda kwenye nguo iliyotundikwa, na wateja wakimsifu, jamani fundi una umbo, na mpiga pasi ndiye aliyeanzisha lile jina, Sindano, Sindano nipitishie ile suruali, Sindano mteja wako huyu hapa, na yeye akalipokea kama cheo, akalivaa, akalilinda, maana alikuwa hodari wa jambo moja tu ambalo wengine hawakuliweza, kutotaka, wenzake wote wakitaka yeye hataki, saa saba ikifika wenzake wanameza mate yeye anapitisha uzi kwenye tundu la sindano... na asubuhi hii mpiga pasi, kwa roho safi kabisa, pasi mkononi, kasema, Sindano, siku hizi umenawiri, na midomo yake ikajibu asante, midomo ni mipole sana, kisha akaenda chooni akasimama mbele ya ndoo ya maji bila haja yoyote mpaka uso ulipopoa, umenawiri, umejaa, umerudi, watu wanamletea maneno haya kama zawadi, wanatabasamu, na yeye kila moja analipokea kama kofi, hata mama kwenye simu, nimesikia umenenepa mwanangu, nimefurahi mpaka nimelia, na yeye akasema mtandao unasumbua, akakata.

Na laiti ingekuwa mwili tu. Nesi pale kliniki, anakopimwa uzito tangu alipoanza kula tena, alimwelewa upande huo, kila Jumanne anamwambia geuka, ipe mizani mgongo, anaandika namba anaifunika kwa kiganja, unaendelea vizuri, bado kidogo, na yeye anaondoka na hilo bado kidogo limemkaa kifuani, bado kidogo maana yake kesho tena, sahani tena, kijiko tena, lakini kuna kitu hajamwambia nesi wala shangazi wala mtu yeyote, kwamba leo, saa tano na nusu, harufu ya maharage ilipoingia kutoka jikoni kwa shangazi huko nyuma, alifurahi... hakulazimishwa, hakuambiwa ni dawa, alifurahi tu, tumbo likaita na yeye akajikuta anashona haraka haraka ili saa saba ifike, kama mtoto wa shule, na hapo ndipo aibu ilipomshika shingoni, maana kula kwa amri ya nesi mtu unaweza kujitetea, nimeambiwa nile, nafanyaje, lakini kula kwa kuwa unataka, utamwambia nani, yule Sindano wa zamani, aliyekula kiapo kwamba hatataka tena, atamtazama kwa jicho gani.

"Haifungi tena," anasema mteja mlangoni, ni mkunga wa zahanati ya jirani, mama wa watu, sauti yake inajaza karakana nzima, "tazama, nikivuta huku inafunguka huku. Jana nimeinama kumpokea mtoto, kifungo kikaruka, nikasema leo nimewapata wawili."

Shangazi anacheka kile kicheko chake cha puani. "Lete tuone. Kitambaa cha ndani kipo, tutaiachia ipanuke."

Kitambaa cha ndani kipo, bila shaka kipo, yeye mwenyewe alikiacha, ile sare ya mkunga ameiachia mara mbili kwa mikono yake, na kanuni hiyo ndiyo ya kwanza aliyofundishwa humu ndani, siku ya kwanza kabisa, kabla hata hajaruhusiwa kukalia cherehani, shangazi akiwa amemshikisha chaki, acha vidole viwili kila upande, usikate, hicho ni kitambaa cha akiba, huyu atarudi, na kwa kila mteja shangazi alisema hivyo hivyo, mnene kwa mwembamba, bibi arusi kwa mjane, huyu atarudi, na kweli walirudi, mmoja ameugua amekonda, mwingine amejifungua, mwingine ameacha sigara amenenepa, na nguo ikafumuliwa, ikatii... na yeye, mkasi mkubwa mkononi, alipolipunguza gauni lake mara ya nne, alikata, alifuata mshono kutoka kwapani mpaka nyongani, kulia na kushoto, mbele na nyuma, vipande vinne virefu, akavisokota akavisukumiza ndani ya gunia la vitambaa chakavu chini ya meza hii hii, ili asiwe na pa kurudia, ili hata siku akilegea nguo imkatalie, na akajisikia mwepesi, Mungu amsamehe, akajisikia msafi.

Na gunia lenyewe ndilo lililomwumbua. Asifikirie gunia. Akila asifikirie gunia, nesi amemwambia hivyo, lakini liko pale, jipya, lile la zamani lilichomwa, na yeye akilitazama anaona wale sisimizi, mstari mweusi unaopanda mguu wa meza, maana kila siku shangazi alipomletea sahani yeye alingoja ageuke, akaimwaga ndani ya mfuko wa plastiki, akaufunga fundo, akauzamisha chini ya vitambaa, na jioni anauhamishia kwenye mkoba wake kwenda kuutupa jalalani, kwa miezi, akasema asante shangazi, chakula kitamu, na akamrudishia sahani imeoshwa, huo ndio uongo uliokuwa ukimuuma kuliko njaa... mpaka siku aliyopatwa na kizunguzungu, akapelekwa nyumbani mchana, akalala siku mbili, na mfuko ukabaki, na ukavuja, na gauni la bibi arusi lilikuwa limetundikwa pale pale, jeupe, pindo likigusa gunia, na mafuta ya maharage hayana haraka lakini hayarudi nyuma, yalipanda kitambaa kidogo kidogo mpaka kiganja kizima, doa la rangi ya chai kwenye gauni la mtoto wa watu, arusi kesho kutwa. Shangazi alimwambia bibi arusi kosa ni langu, hakumtaja, akalibadilisha pindo lote, lakini kabla ya hapo, yeye akiwa amerudi kazini amesimama hapo mlangoni na mkoba wake, shangazi alilibeba gunia akalipindua sakafuni, na vyote vikamwagika mbele ya mpiga pasi, vitambaa, mfuko, sisimizi, harufu, na yeye akatamani ardhi ipasuke immeze, na ardhi ikajifanya hamnazo.

Shangazi hakuugusa mfuko. Aliinama akaokota vile vipande vya buluu, kimoja, cha pili, akatafuta mpaka akapata vinne. "Nani kavikata hivi?" akauliza. "Mimi." Shangazi akavitazama, akalitazama gauni la buluu mwilini mwa Sindano, akavuta kigoda akakaa, vipande magotini, na machozi yakamtoka bila sauti, na yeye, mjinga huyu, miezi yote minne hii ameamini kwamba shangazi yake alililia lile gauni jeupe, jina la karakana, aibu kwa bibi arusi, na kila kijiko alichokula tangu siku hiyo amekila kama mtu anayelipa fidia, kijiko cha doa, kijiko cha sisimizi, kijiko cha uongo, na ndiyo sababu kula kwa furaha kulimtia aibu leo, nani anayefurahia fidia...

"Subiri nikutafutie kifungo kinachofanana," shangazi anamwambia mkunga, na viatu vyake vinakuja, anakuja huku, mezani, na yeye anaushusha mkono taratibu, anaubana ubavuni kuficha pale palipoachia, lakini shangazi hamtazami, anavuta lile kopo la biskuti la vifungo ambalo halijaona biskuti tangu yeye azaliwe, analifungua kando ya sahani, anachakura, vya kaki, vya mfupa, vya koti, anatoa kadi ya ndoana za kufungia magauni, anatoa zipu iliyovunjika meno ambayo anaapa ataitengeneza, na chini ya zipu anatoa kifundo kidogo cha kitambaa, kimekunjwa kama bendeji, kimechomekwa pini ili kisifunguke, anakiweka mezani ili apate nafasi ya kuchakura... cha buluu. Ni cha buluu. Ile buluu. Siyo hii ya mwilini mwake, iliyofuliwa ikapauka, ile ya dukani, ya siku ya kwanza, na vile vipande vinne havina makunyanzi, alivisokota kama kamba yeye mwenyewe na sasa vimelala sawa, ukingo kwa ukingo, vimepigwa pasi, kwa hiyo na mpiga pasi anajua, wote wawili wanajua, walikaa wakavinyoosha, walimzungumzia, na damu inampanda usoni, anataka kuamka atoke, anatafuta kwa macho mkoba wake uko wapi...

Lakini nani anapiga pasi kitambaa cha kutupa. Nani anachomeka pini kwenye takataka. Hata yeye, na aibu yake yote, ni fundi, na fundi anajua kitambaa kinachokunjwa hivyo kinangoja kazi, kina mwenyewe, na lile gauni jeupe shangazi alilirekebisha kwa alasiri moja huku akiimba, sasa anakumbuka, aliimba, mtu hawezi kulia asubuhi kwa ajili ya pindo na mchana akaimba akilishona, hakuwa analilia pindo, alikaa pale na vipande magotini kwa sababu alikuwa fundi pekee katika mtaa huu mzima aliyeweza kuvisoma, akaona mtu amekata mahali ambapo hakuacha pa kurudi, na mtu mwenyewe ni mtoto wa kaka yake, aliyemshikisha chaki kwa mkono wake... na baada ya machozi akafanya lile analofanya kwa kila mteja, akaacha akiba, huyu atarudi, akasema labda, peke yake au kwa mpiga pasi, huyu atarudi, na akaviweka kwenye kopo analolifungua mara kumi kwa siku.

Na mkunga pale mlangoni anajipepea kwa kadi ya kliniki, anamsimulia mpiga pasi kuhusu kile kifungo kilivyoruka, anacheka mpaka anashika mlango, na yeye anajiuliza, je, amewahi kumdharau huyu mama, hapana, hata siku moja, alipomwachia mshono, alipopasua nyuzi za zamani na kukuta ndani kile kitambaa ambacho jua halijakiona, alisikia raha, kwa kweli ile ndiyo kazi anayoipenda kuliko zote humu ndani, basi sheria ile ya kutotaka aliitunga kwa ajili ya nani, mtaa mzima unaruhusiwa kurudi isipokuwa yeye... vile vipande vikishonwa ubavuni vitaonekana, hilo analijua, rangi haitalingana, mtu yeyote mwenye macho ataona hapa palikatwa hapa pakaunganishwa, na kulifikiria hilo tu kunamchoma, aibu haijaenda popote, ipo, imekaa naye mezani, lakini maharage nayo yapo, yanafuka moshi, na yananukia vizuri, afanyeje, yananukia vizuri.

Shangazi amepata kifungo. Anarudisha kadi, anarudisha zipu, na kifundo cha buluu anakirudisha mwisho, juu kabisa, mfuniko anauegesha tu bila kuufunga, na bado hamtazami.

"Kula, mwanangu," anasema, akiondoka. "Kinapoa."

Ananyoosha mkono, wote, mpaka mwisho, kijiko kiko mbali kidogo na hasogezi sahani wala hainami kujibana, na uzi wa pili unakatika, kisha wa tatu, safari hii kwa sauti, hata mpiga pasi anainua kichwa kutoka kwenye sahani yake.

"Nini hicho, Sindano?"

"Gauni," anasema, mdomo umejaa wali. "Linanibana."