Mlango Usio na Kasoro

Uvumi ulioingia mtaani siku ya Jumanne ulisema kwamba ule ugonjwa unalala kwenye vitasa vya milango. Haukusema unalala saa ngapi wala unaamka saa ngapi. Mama Watoto aliusikia akiwa dirishani anaanua barakoa, ukamkwama kama mwiba wa samaki. Asubuhi hiyo hiyo alichukua kitambaa na ndoo ya maji ya sabuni, akafuta kitasa cha mlango wa mbele, cha jikoni, cha bafuni, kisha cha chumbani. Alipomaliza cha mwisho akaona cha kwanza kimekaa muda mrefu bila kuangaliwa, akaanza upya.

"Utakifuta mpaka kiishe," Fundi alimwambia kutoka kitandani. "Hicho ni cha shaba. Nilikitafuta wiki nzima."

"Wewe lala."

"Nimelala. Si ndiyo kazi yangu siku hizi?"

Fundi alikuwa mumewe, seremala wa milango. Hakutengeneza vitanda wala kabati. Milango tu, miaka thelathini na moja. Mtoto walikuwa naye mmoja, wa kike, lakini Fundi alimwita mkewe Mama Watoto tangu siku ya harusi, kwa matumaini, na matumaini yalipoisha jina likabaki.

Mwezi wa pili Fundi aligundulika ana uvimbe kwenye ini. Daktari alisema hakukuwa na la kufanya tena: mrudisheni nyumbani, mpeni dawa ya maumivu, kaeni naye. Wiki iliyofuata ule ugonjwa ukaingia nchini. Barabara za kwenda miji mingine zikafungwa, kutembeleana kukapigwa marufuku, na kwenda kumjulia mgonjwa hali kukawa kosa.

Kifo cha mumewe Mama Watoto hakukiogopa sana. Kile kilishapiga hodi kwa adabu, kikapewa kiti, kikatulia. Alichoogopa ni kwamba ule ugonjwa ungeingia kwa mkono wake yeye mwenyewe na kumnyang'anya zile wiki chache zilizobaki. Hizo zilikuwa zao. Aliogopa pia chupa ya kahawia ya dawa ya maumivu. Ilikuwa imebaki vidole viwili, na dirishani pa zahanati walishamjibu mara tatu kwamba dawa hiyo imeisha.

Alhamisi, saa nne asubuhi, alifungua mlango wa chumbani apeleke ndoo jikoni kwake, akakuta jiko la fundi viatu.

Fundi viatu alikuwa anakaa mitaa mitatu kutoka pale. Alikuwa amesimama na kisu mkono mmoja na kitunguu mkono mwingine.

"Karibu, shemeji," alisema. "Nilikuwa nafungua stoo nichukue chumvi."

"Asante. Barakoa yako iko wapi?"

Akaenda kuivaa.

Fundi aliinua kichwa kwenye mto. "Mlango ule ni wa msonobari," alisema. "Una fundo kama jicho la ng'ombe. Nilikuwa naufikiria sasa hivi."

Ikajulikana hivyo. Mlango wa chumbani, ambao aliutengeneza mwenyewe, ulikuwa unafungukia kwenye mlango wowote aliowahi kuutengeneza, mradi awe anaufikiria. Akisema "wa kwetu," unafungukia ukumbini kama kawaida. Akilala, ni mlango tu. Hakuwahi kuandika popote kwamba huu ni wa nani na ule ni wa nani. Aliikumbuka milango yake kwa kasoro zake: huu una ufa, ule ulikatwa mfupi, ule mwingine unalia kama paka. Mwenye mlango alimkumbuka baadaye.

Mama Watoto aliliwaza jambo hilo kwa muda wa kufuta kitasa kimoja. Kisha akachukua chaki, akachora mstari kwenye kizingiti.

"Hakuna kuvuka," alisema. "Mgeni anasimama kwake, sisi tuko kwetu. Barakoa juu ya pua, siyo kidevuni. Na kitasa nafungua mimi."

Hivyo hakuna aliyevunja sheria, maana hakuna aliyetoka nyumbani kwake. Mtu alifungua mlango wa chumba chake kuchukua shuka, akamkuta Fundi kitandani ameegemea mito mitatu, akamjulia hali, akafunga. Kinyozi alikuja na habari zote za mtaa, ingawa duka lake lilikuwa limefungwa na haikueleweka anazipata wapi. Mkunga mstaafu alikuja na kigoda chake, akaketi upande wake wa chaki anafuma sweta, akamwambia Fundi amekonda lakini uso umebaki ule ule, bahati mbaya. Fundi alicheka mpaka akaomba ashikwe mbavu. Kabla ya hapo alikuwa anakunywa vijiko vitatu vya uji. Sasa alifika sita, kwa sababu wageni wanatazama na ni aibu kuacha.

Vicheko vilimfikia mjumbe wa mtaa. Aliizunguka nyumba mara mbili akitafuta viatu vya wageni mlangoni, akaona ndala za Mama Watoto peke yake. Akarudi nyumbani amekasirika, akaenda kunawa, akafungua mlango wa bafu lake.

"Kumbe ni hapa," alisema.

"Ni hapa," Mama Watoto alijibu. "Rudi nyuma kidogo, mjumbe, umekanyaga chaki."

Mjumbe akarudi nyuma. Alitoa daftari la kuandikia wanaokusanyika, akalitazama, akajitazama alivyosimama bafuni kwake na taulo begani, akalirudisha mfukoni.

"Fundi, huu mlango wako unakwaruza sakafu," alisema. "Mwaka wa tisa. Mke wangu akienda kuoga, mtaa mzima unajua."

"Siyo mlango. Ni sakafu yako imeinuka."

"Sakafu inainuka?"

"Ile saruji ulimwaga mwenyewe. Nilikuambia tafuta mtu anayejua."

"Hata mimi nilimwambia," ilisema sauti ya mke wa mjumbe kutoka nyuma yake.

Fundi akamwelekeza aung'oe, aupige randa chini, asizidishe unene wa ukucha. Mjumbe aliandika maelezo yote kwenye daftari lile lile, na siku ya pili mke wake alioga bila mtu kujua.

Jumamosi ya wiki ya pili chupa ya kahawia ilifika kidole kimoja. Fundi alikuwa haongei tena baada ya saa nane mchana. Alikuwa anahesabu mbao za dari, na akifika mwisho anarudi mwanzo. Mama Watoto akamwuliza kama aliwahi kutengeneza mlango wowote wa zahanati.

"Wa stoo ya dawa," alisema. "Mvule, mzito. Kitasa nilikiweka upande usio wake. Siku hiyo ulikuwa na uchungu wa binti yetu, masikio yangu yote yalikuwa barabarani."

Mama Watoto alifuta kitasa, akafungua.

Stoo ilikuwa na rafu kutoka sakafuni mpaka darini, na kwenye rafu chupa za kahawia zilikuwa zimejipanga kama wanafunzi mstarini asubuhi. Mtunza stoo alikuwa kwenye kiti anakunywa chai.

"Habari za kazi," alisema Mama Watoto.

"Nzuri, mama. Huduma ni dirishani."

"Dirishani nimefika mara tatu. Nataka dawa ya maumivu, ya chupa ya kahawia."

"Zimeisha."

Mama Watoto akatazama nyuma yake. "Na hizo?"

"Hizo hazijaisha. Hizo zimetunzwa."

"Zimetunziwa nani?"

"Wagonjwa."

"Mgonjwa ni huyu hapa."

Mtunza stoo aliweka kikombe chini, akainama achungulie, akamwona Fundi. "Pole sana, mzee," alisema, na alimaanisha. Kisha akamgeukia Mama Watoto. "Lakini huyu ni mgonjwa wa zamani. Hizi ni za wagonjwa wapya. Tena wakubwa. Wakiugua lazima wazikute."

"Wameugua?"

"Bado. Tunawaombea wasiugue."

Chupa ya karibu ilikuwa umbali wa mikono miwili. Mkono wa Mama Watoto ulikuwa na urefu wa mmoja, na mstari wa chaki aliuchora yeye.

"Funga," alisema Fundi. "Ule nilikosea."

Habari zilizunguka mtaani kabla ya saa sita, nadhani kwa njia ya kinyozi. Mchana Fundi alitaja mlango wenye ufa kama radi, na Mama Watoto alipofungua alikuta chumba cha mwalimu mstaafu. Alikuwa ameshasimama pale na barakoa, anasubiri. Mkewe alifariki mwaka uliopita, na chupa zake mbili zilikuwa bado kabatini, hazijafunguliwa.

"Muda wa dawa haujapita, nimesoma," alisema. "Sikujua nazitunza za nini."

Aliziweka kwenye ncha ya rula ndefu ya ubaoni, akazisukuma polepole mpaka zikavuka chaki. Mama Watoto akaziosha kwa sabuni, akazisuuza, akaziosha tena. Jioni ile Fundi alieleza kwa dakika arobaini kwa nini bawaba tatu ni bora kuliko mbili.

Ukabaki mlango mmoja ambao haukuja.

Binti yao alikuwa ameolewa mji wa mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi, na mabasi yalikuwa yamesimamishwa. Alikuwa na mtoto wa miezi mitatu ambaye babu yake alikuwa hajamwona. Mlango wa chumba chake aliutengeneza Fundi kama zawadi ya harusi. Alikaa nao miezi minne, akachagua mbao moja baada ya nyingine, akaupiga msasa mpaka ukawa unateleza kama shavu. Haukuwa na fundo, ufa wala mlio. Na yeye aliikumbuka milango kwa kasoro zake.

Alijaribu siku tano. Alifumba macho, akasema "wa binti," Mama Watoto akafungua: jiko la fundi viatu. Akajaribu tena: kinyozi, amelala mdomo wazi. Siku ya tano Fundi aligeuzia uso ukutani, na uji wake ukarudi vijiko vitatu.

Mama Watoto alienda uani, akampigia simu binti yake.

"Mwanangu, tafuta msumari."

"Wa nini, mama?"

"Mkubwa. Na nyundo. Upigilie mlango wa baba yako katikati. Upinde, usikae vizuri."

"Mama, huo mlango watu wanakuja kuutazama."

"Piga. Halafu mwambie mwenyewe."

Akarudi chumbani, akaweka simu kwenye sikio la mumewe. Fundi alisikiliza. Mama Watoto aliona mshipa wa shingo ukisimama, mshipa ambao hakuwa ameuona tangu mwezi wa pili.

"Msumari?" alisema Fundi. "Katikati? Inchi ngapi? Umepinda? Nani amekufundisha kushika nyundo, wewe mtoto? Mbao ile! Mbao ile nimeisugua miezi minne—"

Mama Watoto alikuwa ameshafuta kitasa. Alifungua.

Binti yao alikuwa amesimama na nyundo mkono mmoja na mtoto mkono mwingine. Kwenye mlango, usawa wa kifua, msumari ulikuwa umeinama kama mtu anayefunga kamba za kiatu.

"Shikamoo, baba," alisema.

"Marahaba. Umeuharibu."

"Ndiyo, baba."

"Vizuri."

Mama Watoto alisimama katikati yao. Aliuliza binti ametoka nje lini mara ya mwisho. Siku ishirini na mbili. Mumewe je? Naye vile vile, maji na chakula vinaachwa nje. Kuna anayekohoa? Hakuna. Kitasa? Mara mbili leo, mama. Mama Watoto akamtazama Fundi, ambaye hakumtazama yeye kwa sababu alikuwa anamtazama mtoto. Akapiga magoti, akachovya kitambaa kwenye ndoo, akafuta mstari wa chaki. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki tatu kitambaa kile kufuta kitu ambacho si kitasa.

Binti akavuka, akamlaza mtoto kifuani pa babu yake.

"Mlango wetu ung'olewe kabla sijasinzia," alisema Fundi. "Usipokuwepo, hakuna cha kufunga."

Binti alishikilia mlango na Mama Watoto akashika bisibisi, akafuata maelekezo. Anza na bawaba ya chini. Siyo hiyo, hiyo ni ya kati. Geuza kushoto, Mama Watoto, kushoto kwako. Mlango uling'oka saa sita na robo. Fundi akasinzia, na chumba cha binti kikabaki pale pale, na pazia lake la njano. Kwenda jikoni kwake, Mama Watoto akawa anazunguka kwa mlango mdogo wa uani.

Aliishi siku kumi na moja zaidi. Alifariki saa nne asubuhi, akimweleza mjukuu tofauti ya mvule na msonobari. Mjukuu alikuwa hajakaza shingo vizuri lakini alisikiliza. Mazishini waliruhusiwa watu kumi. Waliobaki walisimama kila mmoja kwenye mlango wake, wakafungua na kufunga mara moja, na mji mzima ulilia kwa bawaba, isipokuwa mlango wa mjumbe, ambao ulikuwa kimya kabisa.

Barabara zilikuja kufunguliwa. Mjukuu hakuona tofauti, maana alikuwa ameshaanza kutambaa kutoka mji mmoja kwenda mwingine kufuata mpira.

Mwezi wa tisa mkunga mstaafu alianza kuumwa mgongo kwa namna ambayo daktari hakuipenda. Mama Watoto alimwendea zahanati, akapanga foleni mpaka akafika dirishani. Mtunza stoo alimtambua.

"Pole na msiba, mama. Fundi alikuwa mtu mzuri."

"Asante. Nimekuja kwa dawa ya maumivu."

"Zimeisha."

Nyuma yake mlango wa mvule, wenye kitasa upande usio wake, ulikuwa wazi kidogo.

Basi, mwenye mgonjwa nyumbani aepuke haya:

Usivae barakoa kidevuni.

Usingoje chupa ifike vidole viwili.

Usipake mafuta bawaba inayolia. Inakuambia nani amekuja.

Usimwamini anayesema zimeisha huku amezipa mgongo.

Usifungie watu nje pamoja na ugonjwa. Chora mstari, waite.

Usiufute mstari kabla ya kuuliza. Ukishauliza, futa.

Usimtengenezee mwanao kitu kisicho na kasoro. Ukishamtengenezea, mwachie na msumari.