Filamu za Elimu

"Msisukumane! Kila mtu ataona," mwalimu wa fizikia alisema, akilivunja paja la kuku mbele ya wanafunzi wake, ka! Mfupa ukakatika ndani kwa ndani, nyama ikabaki nzima. "Sasa tutaona mionzi inavyopita kwenye nyama na kuzuiwa na mfupa."

Chumba cha eksirei cha hospitali kilijaa sare za shule. Binti wa dobi, ambaye wenzake walimwita Sayansi kwa jinsi alivyolipenda somo hili, alisimama karibu na mlango. Siku hii aliisubiri kwa hamu, lakini leo hakuwa na raha nayo hata kidogo, maana nje, kwenye benchi la korido, alikaa mama yake na mkono uliovimba. Mama aliteleza kwenye sakafu ya watu akifua nguo zao. Daktari alisema hawezi kuunyoosha mkono bila picha, na ukiunga upogo, kukamua nguo ndiyo basi tena. Kila akija anajibiwa lile lile: filamu zimekwisha.

Eti zimekwisha! Na hizi zilizopangwa mezani ni nini, sahani?

"Hizo ni za elimu," fundi wa eksirei alimnong'oneza Sayansi. "Za wagonjwa hazijaletwa. Bajeti mbili tofauti, mdogo wangu. Nikizigusa hizi, kibarua changu kitaota nyasi."

Wakarudi nyuma ya kioo kinene, wakaanza. Wakapiga picha kufuli. Wakapiga kijiko ndani ya sanduku la mbao. Wakampiga kuku, mfupa wake ukatokea mweupe, ufa unaonekana wazi, wanafunzi wakashangilia. Ikabaki filamu moja.

"Mwalimu," Sayansi alisema, "hii moja tumpige mama yangu. Yuko hapo nje. Na wake pia ni mfupa."

Mwalimu akamtazama fundi. Fundi akamtazama afisa elimu, mgeni rasmi, aliyekuja na suti yake na mtu wa kamera.

"Hapana, hapana," afisa elimu alisema kwa upole. "Mwongozo wa majaribio unakataza kabisa. Mionzi ina madhara kwa binadamu." Kisha akavua saa mkononi. "Tupigeni hii, tuone vidude vya ndani."

Wakapiga makofi. Sayansi hakupiga. Alitoka akaubamiza mlango, na mwalimu akamwita weee, bure.

"Vipi, mwanangu?" mama aliuliza.

Sayansi akamweleza yote kwa hasira, hata ile saa hakuificha.

"Kwa hiyo kuku wamempiga?"

"Wamempiga."

"Pameonekana alipovunjika?"

"Vizuri kabisa, mama."

"Kumbe ningekuja nimenyonyolewa!"

Mama akaangua kicheko, korido nzima ikageuka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akajisahau, akainua mkono ule mbovu ayafute. Mkono ukakataa kupanda.