Mlango wa Nasambu

Mlango ulikuwa umeegemezwa ukutani tangu Jumapili, na kila aliyepita kwenda bombani aliugonga kidogo kwa kidole, kama mtu anayechagua tikiti maji.

"Mvule huu," alisema mmoja. "Si zile mbao za kreti."

"Umetoka nyumba ya Mhindi huko Milimani. Nasambu aliupata sokoni Kibuye."

Maximilla aligeuza mgongo wazi kwenye mafuta bila kuinua macho. Mgongo wazi ni kile kinachobaki viwanda vikishakata nyama ya samaki aina ya mbuta ya kupeleka Ulaya: kichwa, mkia, na mifupa katikati. Mwaka huo unga ulipanda bei ukilala ukiamka, hata mifupa watu walianza kuigombania. Walubengo alibeba barafu kiwandani. Mkewe Nasambu alishona viraka Kibuye. Katika ploti hiyo ya vyumba vya kupanga, huko Manyatta, chumba chao kilipakana na cha Maximilla, ukikohoa huku unaambiwa pole kule. Na hao ndio wa kununua nyumba!

Kilichomchoma zaidi ni kwamba nyumba hiyo aliisikia yeye kwanza. Ilikuwa Got Oyieke, mji mdogo mlimani juu ya Otonglo: maduka machache, kinu cha kusaga, baridi isiyo na mbu. Nyumba ya mawe, bati limetoboka, madirisha hayana vioo, mlango wa mbele umeliwa na mchwa. Lakini bei ilikuwa ya mtu wa kawaida. Mwenyewe, Absalom, alikuwa amefariki, na mjane wake Rosa alitaka kuhamia kwa binti yake Asembo Bay. Maximilla, mzaliwa wa Asembo kama Rosa, alimkimbilia mumewe Oduor na habari hiyo. Oduor akapanda, akaangalia, akashuka.

"Kaburi liko kando ya mlango," alisema. "Mwenyewe amelala hapo. Mimi nitakuwa naingia nikimwambia nini? Hodi?"

Maneno yakaishia hapo. Mjaluo hanunui boma ambalo mwenyewe bado yumo. Nasambu, mtu wa Bungoma, alipoulizwa alicheka tu. "Marehemu ana shida gani? Hapigi redio usiku."

Basi wiki iliyopita, akiuza samaki Otonglo, Maximilla alikutana na Gordon, mdogo wake marehemu. Hakusema mengi. "Shemeji, kwani mnauza ndugu yenu akiwa bado udongoni?" Kisha akamfungia samaki kwenye gazeti. Alitaka tu mambo yakwame. Kama nyumba haikuwa yake, isiwe ya chumba cha pili.

Leo Nasambu alikuwa akabidhiwe nyumba mbele ya naibu wa chifu. Walubengo alinyimwa ruhusa kazini.

"Nyar Asembo, nisaidie kubeba," Nasambu aliomba. "Hapa kwa ploti ni wewe tu dada yangu."

Maximilla akafuta mikono kwa leso, akamwachia jirani karai.

Mlango ulifika Otonglo juu ya paa la matatu, kisha ukapanda mlima juu ya vichwa vyao. Nasambu alikuwa mbele, na mdomo haukupumzika. Kuku watakaa hapa. Tangi la maji pale. Huyo Mama Lendilodi anayewadai kodi ya ploti atakuja kukaribishwa chai, ashangae!

Rosa aliwatolea viti. Maximilla hakukaa. Aliingia jikoni kwa mlango wa nyuma, akaona jiko la mawe lenye bomba la moshi. Mikosi gani hii? Yeye macho yake yalikuwa mekundu mwaka mzima kwa moshi. Dirishani aliliona ziwa lote, na mabati ya Manyatta yakimetameta chini, mpaka ungedhani huko ndiko kunakaliwa na matajiri. Alipotoka akamkuta Nasambu akipangusa saruji ya kaburi kwa kanga yake.

"Si ni jirani," Nasambu alisema.

Naibu wa chifu alifika na askari mmoja, na Gordon nyuma yao, amevaa koti la kanisani.

"Mama Rosa, boma hii iko na mgogoro," alisema naibu. "Ukoo umelalamika. Hakuna kuuza."

"Lakini nusu ya pesa nilishapokea, Chifu. Imeenda kwa karo na hospitali."

"Hiyo malizaneni. Nyumba inakaa chini ya ofisi."

"Sawa kabisa, Chifu," Gordon akadakia. "Mimi nitaitunza."

"Wewe ndio mgogoro wenyewe. Utatunza aje?"

Askari alilitoa nje godoro la Rosa, kisha sufuria zake. Naibu akaokota mezani kufuli mpya aliyokuja nayo Nasambu, akaijaribu, akatia funguo mfukoni. Askari angelala humo kulinda.

"Mpaka lini?" Rosa aliuliza.

"Mpaka kesi."

"Na kesi ni lini?"

"Mimi ni mahakama? Na huo mlango uwekwe hapo mbele. Nyumba ya serikali haikai wazi."

Nasambu akasogea.

"Mlango haujazikiwa mtu, Chifu. Huo ni wangu."

"Mama, unabishana na serikali?"

Nasambu aliinua ncha moja. Ncha ya pili ikabaki chini, na wote wakaitazama. Maximilla akainama, akaishika.

Walishuka mpaka kwenye kona ya mawe. Hapo wakaulaza mlango nyasini, wakaukalia.

"Kuna mtu alimfikia huyo Gordon," Nasambu alisema. "Mtu wa kwetu kwa ploti. Wivu, dada yangu, wivu! Nilimwambia Walubengo tunyamaze, akataka kila mtu auone mlango."

Maximilla alichuna rangi ya kijani ya mlango kwa ukucha.

"Lakini wewe umepanda na mimi. Mungu akuweke."

Juu kule, moshi mweupe ulianza kutoka kwenye bomba la jiko, ukanyooka vizuri, haukumwingia mtu machoni. Askari alikuwa ameshabandika chai.

"Hizo ni kuni za Rosa," Nasambu alisema. Akasimama, akajifunga kanga upya. "Haya. Shika."

Maximilla alizunguka akachukua upande wa bawaba, ulio mzito, na Nasambu akamshukuru tena.